Nukta ya Arobaini na Moja

Mimi ni fundi bomba, na hesabu nilizikimbia tangu shule ya msingi, kwa hiyo mtu asinilaumu nikieleza jambo la hesabu kwa kuchora hewani. Lakini nimefanya kazi na Bi Sifuri miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo amenieleza jedwali lake mara nyingi kuliko mke wangu alivyonieleza makosa yangu. Kitu kikirudiwa hivyo, hata mkaidi hushika kidogo.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa kantini, kwa sababu kila siku alikuwa akitafuta sifuri kwenye makaratasi yake, na akiikuta ya pili anakosa hamu ya kula. Ofisini cheo chake ni mchoraji ramani wa idara ya maji. Chumba chake kiko ghorofani juu ya stoo, dirisha linatazama ua tunakorundika mabomba. Ana meza ndefu ya kuchorea, makabati matatu ya ramani, kompyuta anayoifunika kitambaa utadhani ina mafua, kalamu ya rangi nyekundu, ya bluu, na wembe wa kukwangulia wino. Anakula akiwa amesimama. Asubuhi ukimsalimia anaitikia, ukitaka zaidi ya hapo rudi saa nne.

Kazi hiyo aliirithi. Kabla yake mchoraji alikuwa baba yake, miaka thelathini na mitatu kwenye meza hiyohiyo. Ramani kubwa ya mabomba ya mji ni ya mkono wa mzee, na mimi nisiyesifu watu ovyo nasema ni kazi nzuri. Sheria yake ilikuwa moja. Mabomba mawili yakiunganishwa chini ardhini, kwenye ramani mistari inakutana na pale panawekwa nukta nyeusi. Yakipishana tu, moja juu na jingine chini bila kuungana, mstari mmoja unaruka mwingine kwa kinundu kidogo. Kinundu hicho mzee alikichora kwa ukingo wa sarafu, ili vyote vilingane. Binti alifundishwa kuvichora ana miaka saba, na mpaka leo sarafu ya kazi hiyo haitoki mfukoni mwake, hata akiishiwa vipi.

Ramani ina nukta sitini na tatu. Kila moja ina namba, na pembeni ina saini ya mzee kuthibitisha kwamba kiungio kimefanywa.

Alipofika miaka thelathini na minane, Bi Sifuri akajiandikisha chuo cha masomo ya mbali, shahada ya hesabu. Alimaliza baada ya miaka saba, maana mwaka mmoja alifeli akarudia. Alikuwa ameshaachika wakati huo, amerudi kuishi na baba yake. Mzee alimwambia, "Kwa umri huo, utaolewa na jedwali?" Akajibu, "Jedwali halikoromi, baba." Mzee mwenyewe ndiye aliyekuja kutusimulia kantini, akicheka mpaka chai ikampalia.

Sasa jedwali lenyewe. Siku ya kwanza kunieleza alichukua vizibo vitatu vya soda na njiti za kiberiti. Vizibo ni viungio, njiti ni mabomba. Akavipanga mstari mmoja, kizibo, njiti, kizibo, njiti, kizibo. Akachora jedwali la mistari mitatu, kila kizibo na mstari wake na safu yake. Pale kizibo kinapokutana na nafsi yake, unaandika kina njiti ngapi: moja, mbili, moja. Pale vizibo viwili vinapounganishwa na njiti, unaandika hasi moja. Visivyounganishwa, sifuri. Kila mstari ukiujumlisha unapata sifuri. Mpaka hapo hata mimi nilikuwa mwanafunzi bora.

Kisha akasema jedwali lina namba zake za ndani. Zina jina la kitaalamu ambalo nimelikataa. Ziko hivi: ukilipatia jedwali orodha ya namba, kwa kawaida linakurudishia orodha nyingine kabisa. Lakini zipo orodha chache ambazo linakurudishia ileile, imezidishwa kwa namba moja tu. Namba hiyo ndiyo namba ya ndani. Vizibo vyetu vitatu vilikuwa nazo tatu: sifuri, moja, tatu.

"Ya kwanza huwa sifuri siku zote," alisema. "Hiyo usiihofie." Akaondoa njiti moja, kizibo cha mwisho kikabaki peke yake. Akapiga hesabu upya: sifuri, sifuri, mbili. "Sifuri mbili, maana yake mtandao umekatika vipande viwili. Sifuri tatu, vipande vitatu. Huna haja ya kuiona ramani, jedwali linakuambia lenyewe." Akairudisha njiti, akaongeza nyingine kuunganisha vizibo vya pembeni, ikawa pembetatu. Namba ya pili, iliyokuwa moja, ikapanda kuwa tatu. "Ikiwa ndogo, mtandao umeshikwa na uzi. Ikiwa kubwa, hata ukikata mahali maji yana njia nyingine. Ukitaka kujua uzi uko wapi, tazama orodha inayoandamana na namba hiyo ya pili. Upande mmoja wa uzi namba ni chanya, upande wa pili ni hasi." Hizo ndizo kazi za kalamu nyekundu na bluu. Nilimuuliza kama jedwali linaweza kuniambia spana yangu kaichukua nani. Hakucheka, ilikuwa saa tatu.

Basi mwaka huo barabara ilikuwa inapanuliwa, na ilibidi tufunge kiungio cha darajani kwa wiki tatu. Kwa asiyejua, pale ndipo maji ya upande wa juu wa mji yanapovuka na kugawanyika, tawi moja kwenda nyumba za mlimani, tawi jingine kwenda zahanati ya wazazi. Zahanati hiyo inazalisha kina mama sita, saba kwa siku, na tangi lake la akiba halimalizi nusu siku. Mhandisi wetu, mtu wa haraka anayetembea huku ameshatangulia, akamuuliza Bi Sifuri swali moja: tukifunga daraja, upande wa juu utapata maji?

Kwa ramani, jibu lilikuwa ndiyo. Maji yangepitia barabara ya soko, yaingie kiungio cha arobaini na moja, yapande mlimani, kisha yapite kiungio cha hamsini na nne kushuka zahanati. Akafuta kiungio cha darajani kwenye jedwali, kompyuta ikakokotoa. Sifuri moja tu. Namba ya pili ikawa 0.02, ndogo ya kutia wasiwasi, lakini si sifuri. Mhandisi akaandika tarehe ya kufunga: Jumatano, wiki ya pili ya mwezi.

Mwingine angeenda kunywa chai. Yeye akaniita. "Fundi, nenda ukafungue bomba la kuoshea pale sokoni, maji yamwagike robo saa. Nataka vipimo vya presha vya soko na vya mlimani, kila dakika."

Nilikwenda. Presha ya soko ikaporomoka kama ilivyotarajiwa. Ya mlimani haikutikisika hata kidogo. Nilimpelekea karatasi, akaisoma mara mbili, kisha akaiweka kando ya ramani, kidole juu ya nukta ya arobaini na moja.

"Hawa ni majirani," alisema. "Mmoja akianguka, mwingine hata kushtuka hashtuki?"

"Labda wamegombana."

"Twende tukachimbe."

Tulichimba Alhamisi mchana, mimi na wachimbaji wawili, kando ya kuta za maduka. Kwenye kina cha mita moja na nusu tukalikuta bomba la mlimani, na shibiri moja chini yake bomba la soko. Kati yao udongo mkavu, mgumu, haujawahi kuguswa na koleo. Bi Sifuri akavua viatu, akashuka shimoni na futi yake, akapima nafasi ile kana kwamba kipimo kingeweza kuibadilisha. Nukta ya mzee ilikuwa ya uongo. Pale palistahili kinundu.

Niliwapa wachimbaji mapumziko, nikachuchumaa ukingoni. Nilimpenda yule mzee, na nilijua idara yetu ilivyo: wangemsema mpaka watu wasiomjua. "Dada, sikiliza," nilimwambia. "Vifaa ninavyo kwenye gari. Kesho naunganisha haya mabomba, saa nne nimemaliza. Nukta inakuwa ya kweli, maji yanapita, ramani haina kosa. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na zile sitini na mbili nyingine?"

"Zina nini?"

"Zote zina saini hiyohiyo. Jedwali halijui nani kasaini lini, linaamini nukta zote sawasawa. Nikificha hii, nitamwambia nani azichimbe nyingine, na kwa sababu gani?"

"Ni baba yako. Damu nzito kuliko maji."

"Najua, fundi," akasema, akipangusa vumbi miguuni. "Lakini hapa tumeajiriwa kwa ajili ya maji." Kisha akaanza kulia, palepale shimoni, bila kujificha, na mimi nikatazama maduka.

Nilimpeleka nyumbani kwa gari la kazi. Ilikuwa saa kumi, mzee alikuwa sebuleni na redio yake. Nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha nikae. Binti hakukaa.

"Baba, arobaini na moja haijaunganishwa."

Mzee hakujifanya kushangaa, na hilo lilinikasirisha kuliko kama angekana. "Walikuwa wanataka faili lifungwe Ijumaa," akasema. "Mkubwa wangu akasema, wewe saini, wachimbaji watakuja Jumatatu."

"Jumatatu gani?"

"Hiyo ndiyo haijafika."

Miaka ishirini na tisa ilikuwa imepita. Ningekuwa mahali pengine ningecheka.

"Zipo nyingine?" binti akauliza. Mzee akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio. Binti akaenda akaizima kabisa. "Baba, zipo nyingine?"

"Mimi ndiye niliyekushikisha kalamu," mzee akasema. "Leo unakuja kunianika mbele ya fundi. Utaliandika jina langu?"

"Nitaandika kilichomo shimoni."

Ijumaa asubuhi ripoti ilikuwa mezani kwa mhandisi, ukurasa mmoja. Niliisoma. Kwamba kiungio cha arobaini na moja hakikufanywa. Kwamba bila hicho, na daraja likifungwa, jedwali lina sifuri mbili, na upande wote wa juu unakatika. Kwamba saini ilitiwa kabla ya kazi, na "mchoraji wa wakati huo". Ndivyo alivyoandika, jina hakulitaja. Ilikuwa huruma ndogo, na sidhani kama ilimsaidia yeyote, kwa sababu idara nzima ilijua mchoraji wa wakati huo ni nani. Kufika saa sita wale waliompigia mzee makofi siku ya kumuaga walikuwa wanasema walimshuku tangu zamani. Mmoja nilimwambia neno ambalo sitaliandika hapa.

Mhandisi hakumlaumu Bi Sifuri, nampa haki yake. Alisema arobaini na moja tuiunganishe baada ya siku kumi, Jumatatu, siku mbili kabla ya kufunga, na kabla ya hapo tuchimbe nukta nyingine kumi na mbili kwa kuhakiki. Bi Sifuri akampa orodha yake, zile ambazo zikikosekana namba ya pili inaporomoka. Juu kabisa ilikuwa hamsini na nne, ile ya zahanati.

"Hiyo iko chini ya saruji ya lango la wagonjwa," mhandisi akasema. "Kuvunja kunahitaji kibali, na kibali hakiji leo wala kesho. Chimbeni zinazochimbika."

"Hiyo ndiyo uzi wenyewe. Ikiwa ya uongo, zahanati inabaki peke yake."

"Ikiwa. Nipe sababu ya kuvunja lango la zahanati, siyo ikiwa."

Hakuwa na sababu. Jedwali lilijua nini kingetokea kiungio kikikosekana, halikujua kama kipo. Tukachimba kumi na mbili nyingine, na zote kumi na mbili zilikuwa za kweli, viungio vimekazwa vizuri, hakuna hata tone linalovuja. Mhandisi akaridhika. Bi Sifuri akazidi kukonda.

Nyumbani mzee alikuwa hasemi naye. Siku kumi. Binti alikuwa anamwekea chai, anaikuta imepoa. Alikuwa anamuaga asubuhi, anajibiwa na redio. Aliniambia haya yote akiwa anachonga kalamu, sauti kavu, na kalamu ile aliichonga mpaka ikabaki kipande. "Afadhali angenitukana," akasema.

Jumatatu asubuhi nikiwa njiani kwenda shimoni, nilipita kwao. Sikutumwa na mtu. Nilimkuta mzee mlangoni amevaa koti lake la ofisini, lile la mifuko minne, kifungo kimoja hakipo.

"Umechelewa," akaniambia, kana kwamba tulikuwa na miadi.

Shimoni tulimpa kiti cha kukunja. Bi Sifuri alimwona, akasema, "Shikamoo, baba," akapata marahaba ya chini kwa chini, basi. Nikafunga maji, nikakata mabomba, nikaweka vipande vya kuunganishia, nikakaza. Mzee alitazama kila kitu bila kupepesa macho. Saa tano nikafungua. Kipimo cha mlimani kikapanda, na nilipofungua bomba la sokoni kwa kujaribu, vipimo vyote viwili vikatikisika pamoja. Majirani walikuwa wamepatana. Bi Sifuri akaitandaza ramani juu ya boneti ya gari, akaandika tarehe ya siku hiyo kando ya nukta, akasaini chini ya saini ya baba yake. Mhandisi alikuwa ameshaanza kuondoka, kama kawaida yake.

"Wewe," mzee akamwita. "Hamsini na nne mmeichimba?"

"Mzee, tumechimba kumi na mbili, zote nzuri. Ulifanya kazi nzuri."

"Sijakuuliza kumi na mbili."

Mhandisi akasimama. Mzee akashika magoti yake, akainuka polepole, na maneno yafuatayo aliyasema kwa binti, mhandisi akiwa msikilizaji tu.

"Zilikuwa mbili. Ijumaa ileile, faili lileile. Hamsini na nne nayo nilisaini."

Nilihesabu kichwani, mimi niliyekimbia hesabu. Bila neno lile, Jumatano tungefunga daraja, nyumba za mlimani zingepata maji, tungepongezana, na kabla ya jioni mkunga angefungua bomba akasikia hewa. Bi Sifuri hakuhitaji kompyuta. "Sifuri mbili," akasema.

Mhandisi alikuwa ameshatoa simu. Sababu aliyoitaka alikuwa nayo sasa, ya mtu aliyechora, na kibali cha kuvunja lango kilipatikana kabla ya saa nane. Jumanne tulivunja saruji, tukakuta mabomba mawili yamepishana na udongo mkavu katikati, nikayaunganisha. Jumatano daraja likafungwa. Nilikuwa zahanati mwenyewe, mkono kwenye koki, na maji yalitoka.

Lakini turudi Jumatatu ile, kwenye boneti ya gari. Binti alitoa wembe akataka kuikwangua ile nukta ya hamsini na nne, maana siku hiyo ilikuwa bado ya uongo, na yeye hawezi kulala na ramani ya uongo hata usiku mmoja. Mzee akamnyang'anya wembe. Akaikwangua mwenyewe, taratibu, bila kuchana karatasi. Kisha akanyoosha kiganja bila kumtazama. Binti akatoa sarafu mfukoni akamwekea. Mzee akachora kinundu, akapuliza wino ukauke.

"Ripoti yako niliisoma," akasema. "Uliiacha mezani."

"Niliiacha makusudi, baba."

"Najua. Ya pili unaiandika lini?"

"Leo mchana."

"Basi leo usiandike mchoraji wa wakati huo. Mtu huyo ana jina."

Akaliandika. Niliiona ripoti hiyo ya pili kwenye faili. Jina la mzee lipo juu kabisa, zima, palipoelezwa nani alisaini kazi isiyofanyika, na lipo tena chini kabisa, katikati ya majina matatu ya binti yake, palipoandikwa nani amethibitisha.